Alama za kujumlisha kwenye majibu ya mkojo hazipimi ukali wa ugonjwa

Wengi wakisoma "protini ++" kwenye majibu ya kipimo cha mkojo cha kijiti, huamini figo zao zimeharibika mara mbili kuliko za aliyeandikiwa "+". Sivyo.

Kijiti kina vipande vya kemikali vinavyobadilika rangi. Mtaalamu wa maabara, au mashine, hulinganisha rangi hiyo na chati, kisha huandika daraja lililo karibu zaidi. Ni makadirio, na hatua zake hazilingani: kwa protini, + huwa takriban miligramu 30 kwa desilita, ++ ni 100, na +++ ni 300. Kwa glukosi (sukari), chati za watengenezaji hutofautiana. Ndiyo maana ni vyema sana maabara ikiandika kiwango pamoja na alama.

Linalosahaulika zaidi ni maji. Kijiti hupima ukolezi, yaani kiasi cha protini katika ujazo fulani wa mkojo, si jumla ya protini inayopotea kwa siku. Mkojo mzito wa asubuhi unaweza kuonyesha ++, na wa mtu yuleyule baada ya kunywa maji mengi ukaonyesha kidogo tu. Homa au mazoezi makali nayo huweza kuleta protini ya muda kwa mwenye figo nzima. Hata "hakuna" haimalizi maswali, kwani kijiti hutambua zaidi albumini, aina moja ya protini ya damu, na huweza kukosa protini nyingine.

Kwa hiyo daktari huagiza kipimo kirudiwe, au mgonjwa apimwe uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa kwenye mkojo), ambao hupunguza athari ya mkojo kuwa mwepesi au mzito.