Je, wajua kwa nini gesi ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, shinikizo huongezeka maradufu?

Chukua bomba la sindano la plastiki, ukiwa umeiondoa sindano yenyewe. Vuta kisukumio hadi alama ya 20, ziba mdomo wa bomba kwa ncha ya kidole, kisha sukuma taratibu. Mwanzoni kinakwenda kwa urahisi. Kwenye alama ya 15 utaanza kuhisi ubishi, na ukifika 10 dole gumba linakuwa jeupe kwa kukaza. Achia, kisukumio kitarudi chenyewe karibu kabisa na kilipoanzia.

Darasani somo hili huja na fomula fupi: shinikizo mara ujazo ni namba isiyobadilika, mradi halijoto ibaki ileile na gesi isivuje. Ujazo ukipungua hadi nusu, shinikizo linakuwa mara mbili. Ukipungua hadi robo, linakuwa mara nne. Shinikizo ni ile presha ya kila siku, na vitabu vingine huiita kanieneo. Nilikariri fomula hiyo, nikaitumia kwenye kila swali la mtihani na nikapata majibu sahihi. Ila kama mtu angeniuliza kwa nini iko hivyo, ningempa jibu lisilo sahihi, na ningelitoa kwa uhakika kabisa.

Jibu langu lilikuwa hili: molekuli za hewa, yaani chembe ndogo sana zinazoiunda, zikibanwa zinasongamana, zinaanza kusukumana kama watu waliojazwa kwenye chumba kidogo, na msukumano huo unafika hadi ukutani. Kadiri nafasi inavyopungua ndivyo zinavyosukumana zaidi. Linaingia akilini haraka, tena linafanana na kile mkono unachohisi kwenye kisukumio. Nimekuja kugundua kwamba wengi wanalo jibu hilohilo, na kwamba watu wakubwa kuliko sisi waliwahi kuliamini.

Robert Boyle, ambaye kanuni hii inaitwa kwa jina lake, alifananisha hewa na sufu: ukiibana inalala, ukiiachia inafumuka. Mwaka 1662, huko Uingereza, alichapisha vipimo alivyovipata kwa bomba la kioo lililopindwa mfano wa herufi J, mkono mfupi ukiwa umezibwa. Mkono mrefu ulikuwa mrefu kiasi kwamba bomba halikuweza kutumika vizuri chumbani, ikabidi kazi ifanyike kwenye ngazi. Zebaki ilimiminwa juu, nayo hewa iliyonaswa chini ikazidi kubanwa. Hewa iliyochukua inchi 12 ilipofikia inchi 6, zebaki ya mkono mrefu ilikuwa imezidi ile ya mkono mfupi kwa inchi 29 na 11/16. Ongeza shinikizo la angahewa lenyewe, lililokuwa sawa na inchi 29 na 1/8 za zebaki, na jumla inakuwa 58 na 13/16. Kanuni inadai 58 na 1/4. Kwa chombo cha kioo, karne ya 17, kwenye ngazi, ni usahihi wa kupendeza sana. Edme Mariotte wa Ufaransa naye alieleza kanuni hiyo mwaka 1676, ndiyo maana kuna nchi ambako wanafunzi hujifunza jina lake badala ya la Boyle.

Vipimo vilikuwa sahihi, lakini maelezo yake yalibaki ya sufu na springi. Isaac Newton mwaka 1687 alionyesha kihesabu kwamba kama chembe za gesi zingekuwa zinafukuzana, kila moja na jirani zake, kwa kani (nguvu ya kusukuma) inayopungua kadiri umbali unavyoongezeka, kanuni ya Boyle ingetokea vilevile ilivyo. Hata hivyo alikuwa mwangalifu: aliacha wazi swali la kama gesi kweli zimeundwa hivyo. Hesabu sahihi inaweza kutoka kwenye picha isiyo sahihi. Hapo ndipo mtu anaponasa, kwa sababu jibu la mtihani linatoka sawa hata kama picha iliyo kichwani imekosewa.

Imekosewa kwa kiasi gani? Tuanze na nafasi. Katika hewa ya kawaida, umbali kati ya molekuli moja na jirani yake ni kama mara kumi ya upana wa molekuli yenyewe. Zipanue molekuli ziwe na ukubwa wa machungwa: kati ya chungwa moja na lingine kuna nafasi ya kupanga machungwa kumi hivi. Sasa ibane hewa hiyo hadi nusu ya ujazo. Wengi hudhani umbali nao unakuwa nusu, lakini nafasi hupungua pande zote tatu kwa pamoja, kwa hiyo umbali wa wastani unashuka kutoka machungwa kumi hadi manane tu. Shinikizo limeshakuwa mara mbili, na bado humo ndani kuna uwazi mtupu. Hakuna msongamano wowote wa kuzungumzia.

Kisha kuna ushahidi mzito zaidi. Kama molekuli zingekuwa zinafukuzana siku zote, gesi isingeweza kugeuka kimiminika, maana ili tone litokee ni lazima molekuli zishikane. Ukweli ni kwamba zikikaribiana huwa zinavutana kidogo, na zinakataana pale tu zinapogusana kabisa. Tena, ukichanganya gesi mbili kwenye chombo kimoja, kila moja hutoa shinikizo lilelile ambalo ingelitoa ikiwa peke yake humo, na jumla ni kujumlisha tu. John Dalton aliliona jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1800. Watu waliojazana na kusukumana hawawezi kuwa na tabia hiyo.

Basi shinikizo linatoka wapi? Linatokana na kugonga. Molekuli za hewa kwenye chumba cha kawaida zinakimbia kwa kasi ya wastani inayokaribia mita 500 kwa sekunde, na kila inayofika ukutani inagonga na kudunda. Sentimita moja ya ujazo ina molekuli zaidi ya bilioni bilioni 20, kwa hiyo mgongo mmojammoja, yaani kugonga kwa molekuli moja mara moja, hauhisiki kamwe. Sikiliza mvua kubwa juu ya paa: husikii tone moja moja, unasikia mngurumo mmoja usiokatika. Shinikizo la gesi ni mngurumo wa aina hiyo, ila unausikia kwa dole gumba. Daniel Bernoulli alilieleza wazo hili mwaka 1738, na likakaa zaidi ya miaka mia moja bila kupewa uzito, mpaka Rudolf Clausius mwaka 1857 na James Clerk Maxwell mwaka 1860 walipoliinua tena.

Hapa naomba twende polepole.

Weka mpira mmoja ndani ya sanduku refu, unakwenda na kurudi kati ya kuta mbili za mwisho bila kupoteza kasi. Kila unapogonga ukuta wa kulia unausukuma kidogo. Sasa rudia yaleyale, ukuta wa kulia ukiwa umesogezwa hadi katikati kabla mpira haujaanza kwenda. Kasi ya mpira ni ileile, nguvu ya kila mgongo ni ileile, lakini safari ya kwenda na kurudi imekuwa nusu. Kwa hiyo ndani ya dakika moja mpira unaugonga ukuta mara mbili zaidi ya awali. Migongo maradufu, shinikizo maradufu. Mpira haukubanwa na chochote. Umepewa njia fupi tu.

Swali lililoniamsha mimi ni la kuta za pembeni. Ukuta uliosogezwa ni wa mwisho. Urefu umepungua lakini upana wa sanduku haukubadilika. Mpira unaodunda kutoka ubavu hadi ubavu bado una safari yenye urefu uleule, kwa hiyo unagonga ubavuni mara zilezile kwa dakika. Mbona basi shinikizo linapanda hata kwenye mbavu? Jibu liko kwenye eneo. Shinikizo ni kani iliyogawanywa kwa eneo, na sanduku lilipofupishwa hadi nusu, ukuta wa ubavu nao ulibaki nusu. Migongo ni ileile, lakini sasa inaangukia eneo lililo nusu ya lile la kwanza. Kila sentimita ya mraba inapata mara mbili. Ukuta wa mwisho umefika kwenye maradufu kwa kuongezewa migongo, na ukuta wa ubavu umefika palepale kwa kupunguziwa eneo. Njia mbili tofauti kabisa zinakutana kwenye namba moja, na tangu nilipoelewa hivyo sijawahi kuiona fomula ile kama kitu cha kukariri.

Mtu makini atauliza: mbona umeweka mpira mmoja, wakati molekuli nazo zinagongana zenyewe kwa zenyewe? Zinagongana sana. Kwenye hewa ya kawaida molekuli moja husafiri wastani wa takribani nanomita 70 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kabla ya kugonga mwenzake, yaani mara mabilioni kadhaa kwa sekunde. Lakini mbili zinapogongana, mwendo unaopotezwa na moja unachukuliwa na nyingine. Ni kama wapeleka barua wawili waliokutana njiani wakabadilishana mifuko: barua zote zinafika, hata kama waliozibeba si wale walioanza nazo. Ukuta hauulizi nani kagonga.

Sharti la halijoto kutobadilika lina kazi kubwa, na darasani hupitwa haraka mno. Halijoto ya gesi ni kipimo cha nguvu ya mwendo wa molekuli zake. Ukisema halijoto ni ileile, umesema kasi ni ileile, yaani kila mgongo una uzito uleule na kinachobadilika ni idadi tu. Ukibana kwa haraka mambo hubadilika. Kisukumio kinachokimbilia molekuli kinafanya kama mguu unaoukuta mpira unaokuja: unarudi kwa kasi kubwa kuliko ule uliodunda kwenye ukuta uliosimama. Molekuli zinaongezewa kasi na gesi inapata joto. Shika pampu ya baiskeli baada ya kuijaza gurudumu kwa fujo, utaona sehemu ya chini ilivyochemka. Kama hewa yenye nyuzi 20 ingebanwa ghafla hadi nusu bila joto lolote kutoroka, ingepanda kupita nyuzi 110, na shinikizo lingekuwa mara 2.6 hivi badala ya 2. Katika hali hiyo ni kweli kwamba molekuli zinagonga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi pia. Ndiyo maana kwenye bomba la sindano nilisema usukume taratibu, ili joto lipate muda wa kupenya ukuta wa plastiki na kutoka nje.

Kosa jingine ni la geji. Geji nyingi, ikiwemo ile ya kupimia upepo wa tairi, zinasoma sifuri zikiwa hewani. Zinaonyesha tu kiasi ambacho shinikizo la ndani limezidi la nje. Fomula inataka shinikizo lote. Geji ikisoma angahewa 1, yaani shinikizo sawa na la hewa inayotuzunguka, ndani kuna 2. Bana gesi hiyo hadi nusu, itakuwa 4, na geji itasoma 3. Anayezidisha namba ya geji moja kwa moja ataandika 2, kisha atashangaa kwa nini jaribio limekataa kulingana na kitabu. Boyle hakufanya kosa hilo: zile inchi 29 na 1/8 za angahewa alizijumlisha kwenye kila mstari wa jedwali lake.

Kuhusu mipaka ya kanuni yenyewe: hewa kwenye shinikizo la kawaida, au mara kadhaa zaidi yake, inaifuata vizuri sana. Mambo yanaharibika pale molekuli zinapokaribiana kiasi kwamba mvuto wao mdogo, au ukubwa wao wenyewe, hauwezi kupuuzwa tena. Johannes van der Waals aliirekebisha kanuni kwa ajili hiyo mwaka 1873. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kaboni dioksaidi. Ibane kwa nyuzi 20, halijoto ikishikiliwa palepale, nayo itapanda shinikizo karibu kama kawaida, huku ikizidi kubaki nyuma ya fomula. Ikifika kama angahewa 57 inaacha kupanda. Unaendelea kusukuma, ujazo unapungua, lakini sindano ya geji haisogei, kwa sababu kila unavyosukuma sehemu ya gesi inageuka kimiminika na kuacha nafasi.

Ndiyo sababu mtungi wa kuzimia moto wenye kaboni dioksaidi kwa kawaida hauwekewi geji. Maadamu kuna kimiminika ndani, mtungi uliojaa na uliokaribia kwisha vinaonyesha shinikizo moja. Anayetaka kujua kilichobaki huuweka kwenye mizani.