Retrofiti si matengenezo

Juzi nimesikia tena: "Mashine tumeifanyia retrofiti, sasa ni kama mpya." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu anayeiamini.

Kwa mashine ya CNC, yaani ya kuchonga chuma ikiongozwa na kompyuta, retrofiti ni kuondoa mfumo wa zamani wa kuiongoza, yaani kontrola (kompyuta inayotoa amri) na mara nyingi draiva (zinazoipa mota umeme kufuata amri hizo), enkoda (zinazohesabu mizunguko) na nyaya zake, na kufunga wa kisasa. Chuma chenyewe kinabaki kilekile: msingi, meza, na skrubu za gololi, zile ndefu zinazozungushwa na mota ili kusogeza meza kupitia nati. Hata mota na draiva zikiwa nzima zinaweza kubaki, kwani draiva nyingi za zamani za mota za servo (zinazodhibitiwa kwa enkoda) hupokea amri kwa volti kati ya -10 na +10, na zipo kadi za elektroniki za kisasa zinazotoa volti hizo. Maana ni hiyo tu.

Neno lenyewe lilizaliwa katika Kiingereza cha Marekani, katikati ya karne ya 20, kwa kuunganisha maneno mawili: moja la kurejea yaliyokwisha kupita, jingine la kufunga vifaa upya. Yaani kukipa kitu cha zamani kile ambacho hakikuwa nacho siku kilipotoka kiwandani. Kinachotuponza ni kulifasiri kwa neno "kutengeneza". Kutengeneza kunatokana na kutengenea, kukaa sawa. Anayetengeneza huchukua kilichoharibika akakirudisha katika hali yake. Retrofiti hairudishi kitu. Skrubu iliyolika chini ya kontrola ya zamani imelika vilevile chini ya mpya.

Funga geji ya saa, kile kipimo cha sindano, ncha yake iguse meza, sindano ikiwa kwenye 0. Amuru meza isogee milimita 1, kisha irudi. Skrini inasoma 0.000, lakini sindano imesimama kwenye 0.06. Skrini haikudanganya. Enkoda imefungwa nyuma ya mota, kwa hiyo inahesabu mizunguko ya mota, na mota imerudi kweli. Enkoda ya mistari 2,500 huipa kontrola hesabu 10,000 kwa mzunguko, nne kwa kila mstari. Skrubu ikisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila hesabu ni milimita 0.0005. Hapo ndipo watu wanapoona tarakimu nyingi baada ya nukta wakadhani mashine imekuwa sahihi kiasi hicho. Kati ya mota na meza kuna nati iliyolegea, na huko enkoda hiyo haioni.

Wapo wanaojibu kwamba kontrola mpya ina fidia ya mlegeo. Ni kweli, na inasaidia: kila mwelekeo unapogeuka, inaongeza zile 0.06. Ila haikazi nati. Kisu kikikata kwa kuvuta kipande upande uleule meza inakoelekea, meza hurukia ndani ya nafasi ileile ya mlegeo, na alama inabaki kwenye chuma.

Kwa hiyo, ndugu fundi, ukibadilisha kontrola sema umebadilisha kontrola. Ni kazi kubwa, na imeokoa mashine nyingi ambazo kadi zake hazipatikani tena. Ukisema umeitengeneza, mteja ana haki ya kukuuliza skrubu inacheza kiasi gani.