Je, wajua kwa nini mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, hatakiwi kushindishwa njaa?

Mtoto wangu wa mbwa wa miezi 3 alipoanza kutapika na kuharisha damu, hapa Mafinga, nilimnyima uji na maji ili utumbo upumzike. Sikuwa peke yangu katika dhana hiyo, kwani hata madaktari wa mifugo waliifuata kwa miaka mingi, wakihofia kwamba chakula kingezidisha kutapika. Hoja ilionekana kuwa na mantiki: kidonda hakichokonolewi. Tatizo ni kwamba utumbo si kidonda cha gotini, bali ni kiungo ambacho chenyewe hula kile kinachopita ndani yake.

Parvo ya mbwa ilijitokeza mwishoni mwa miaka ya 1970, na huwashika zaidi watoto wa mbwa ambao hawajakamilisha chanjo. Kirusi chake huzaliana ndani ya seli zinazogawanyika tu. Ukuta wa utumbo mwembamba una vinyama vidogo mfano wa vidole, vinavyofyonza chakula, na katikati yake vishimo ambamo seli mpya huzaliwa, zikapanda hadi kileleni na kudondoka baada ya siku chache. Aliyezoea mashamba ya misindano ya Sao Hill ataelewa upesi: vidole ndio msitu, vishimo ndio kitalu. Parvo haiangushi miti, inateketeza miche. Kwa siku kadhaa msitu huonekana mzima, kisha miti mikongwe huanguka kwa zamu yake bila mbadala, udongo ukabaki wazi, maji na damu vikatoka, na bakteria wakapenya. Uboho wa mifupa, ambao ni kitalu cha seli nyeupe za damu, nao hushambuliwa, ndiyo maana mbwa hupewa antibiotiki ingawa haziui kirusi.

Miche iliyosalia hujilisha kwa sehemu kubwa kutokana na chakula kinachopita juu yake. Kumshindisha mbwa njaa ni kuacha kumwagilia kitalu. Utafiti mmoja wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa waliolishwa mapema kwa mpira wa puani walipata nafuu haraka zaidi, ingawa walikuwa watoto wa mbwa 30 tu na haukuthibitisha kwamba walipona wengi zaidi. Wala si ruhusa ya kumshindilia mbwa anayetapika mfululizo, kwa maana chakula chaweza kuingia mapafuni: dripu na dawa ya kuzuia kutapika hutangulia.

Wangu alitundikiwa dripu. Siku ya pili, ngozi ya shingo niliyoivuta ilirudi mara moja badala ya kubaki imesimama, ishara kwamba maji yamerudi mwilini, na daktari akaagiza kijiko kimoja cha mchuzi wa kuku usio na chumvi kila baada ya saa 2. Cha kwanza alikilamba nusu. Nusu iliishia kwenye gunia.