Mwaka wa tano wa chuo una gharama kubwa kuliko deni la Bodi ya Mikopo

Wiki iliyopita binti mmoja tunayefanya naye kazi saiti alinifuata wakati wa chai, mkononi ana salari slipu yake ya pili tangu aajiriwe. Hakuja na swali la nondo wala la zege. "Shikamoo kaka. Hii laki na ishirini ya Bodi wataikata mpaka lini?"

Tukaikunjua slipu juu ya michoro ya ghorofa ya tatu, tukaweka vipande viwili vya marumaru pembeni isipeperuke. Mshahara wa msingi 800,000. NSSF 80,000. Kodi ya mapato 60,000. Bodi ya Mikopo 120,000. Cha kuondoka nacho 540,000, na humo humo mna chumba, nauli ya mwendokasi, chakula na mama aliyebaki nyumbani.

Mimi ni mhandisi wa majengo, na kila msimu wa maombi ya vyuo simu yangu haipumziki. Mzazi anataka kujua: mtoto asome ubunifu majengo miaka mitano pale Chuo Kikuu Ardhi, au uhandisi ujenzi miaka minne? Na huo mkopo, atakuja kuumaliza kweli? Wengi wao wanaliweka deni zima upande huu, mshahara wa kwanza upande ule, wanaogopa. Mimi naona wanaogopa kitu kisicho chenyewe.

Tuanze na deni. Tuseme kijana anapewa mkopo wa milioni 4 kwa mwaka: bumu, yaani fedha ya kujikimu kwa chakula na malazi, 10,000 kwa siku, sehemu ya ada, vitabu na mahitaji ya kitivo. Akisoma miaka minne anatoka na deni la milioni 16, akisoma mitano milioni 20. Sheria inamtaka mwajiri akate 15% ya mshahara wa msingi na kupeleka Bodi. Kabla ya mwaka 2016 kiwango kilikuwa 8%, na waliokopa zamani wanakumbuka mshtuko wa mwezi ule makato yalipokaribia kuwa maradufu.

Lakini kilichokuwa kikituua sisi tuliotangulia hakikuwa hiyo 15%. Ilikuwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo, 6% kila mwaka juu ya deni lililobaki. Chukua huyu binti mwenye deni la milioni 20, umrudishe enzi hizo. Asilimia 6 yake ni 1,200,000 kwa mwaka, yaani laki moja kila mwezi. Anakatwa 120,000, laki inamezwa na tozo, elfu ishirini tu ndiyo inayogusa deni lenyewe. Nina rafiki alikatwa miaka mitano, siku alipoomba taarifa ya deni akaona halijasogea, akakaa kimya muda mrefu. Mei Mosi 2021, akihutubia wafanyakazi Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, na baadaye faini ya 10% ya waliochelewa nayo ikaondolewa. Tangu hapo deni la Bodi halizai. Shilingi utakayokatwa leo inapunguza shilingi nzima. Ndiyo maana nasema kumwogopesha mtoto wa leo kwa hesabu za enzi zetu ni kumwonea.

Sasa mwaka. Hapa ndipo nataka mzazi atulie.

Weka vijana wawili walioanza chuo siku moja. Wa uhandisi anamaliza mwaka wa nne na kupata kazi ya 800,000 kama ya huyu binti. Kwa miezi 12 ameondoka na 6,480,000 mkononi, amepunguza deni kwa 1,440,000, na NSSF ameweka 960,000 ya kwake kabla hujahesabu ya mwajiri. Wa ubunifu majengo mwaka huo yuko studio, anakata maboksi ya modeli hadi alfajiri na kulipia kuprinti michoro ya A1 kwa fedha ambazo bumu haikuzipangia. Deni lake limepanda kwa milioni 4. Mwisho wa mwaka mwenzake anadaiwa 14,560,000, yeye milioni 20. Tofauti ya deni ni milioni 5 na ushee, lakini kipato ambacho hakukipata ni kikubwa zaidi, na hicho hakiandikwi kwenye karatasi yoyote ya Bodi.

Sisemi asisome ubunifu majengo. Mtoto anayechora tangu akiwa darasa la nne ukimlazimisha kukokotoa mihimili utampoteza. Nasema ajue anacholipia, na ajue kitarudi lini.

Kinarudi kwenye usajili. Kwa wahandisi ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na njia iliyonyooka kwa mhitimu ni mpango wao wa mafunzo ya miaka mitatu, SEAP, chini ya mhandisi mlezi. Kwa wabunifu ni bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, yenye kipindi chake cha uzoefu na mitihani yake. Kabla ya hapo unachora, lakini anayegonga muhuri ni mwingine, na anayegonga muhuri ndiye anayebeba dhamana na sehemu nono ya malipo.

Nilimfanyia huyu binti hesabu mbili nyuma ya karatasi ya michoro. Akibaki na 800,000 bila kusajiliwa, milioni 20 itaisha baada ya miezi 167, karibu miaka 14. Akisajiliwa ndani ya miaka mitatu na mshahara ukafika milioni 2, makato yanakuwa 300,000, na deni linaisha mwezi wa 89, miaka saba na miezi mitano. Na bado kila mwezi anaondoka na 1,132,000 badala ya 540,000. Akaitazama ile namba, akachukua kalamu yangu akaizungushia duara.

Kwa hiyo swali langu kwa mhitimu anayenionyesha barua ya kazi si la mshahara kwanza. Namuuliza: nani atakusainia daftari la mafunzo, lile linalothibitisha kazi ulizofanya? Kuna mhandisi aliyesajiliwa pale saiti, au ni fundi mkuu na bosi anayekuja Jumamosi? Mimi mwenyewe nilipohitimu nilikaa miezi 14 kwenye ofisi moja iliyoniita "wa kujifunza". Nilipewa nauli, sikupewa slipu. Hapakuwa na NSSF, hapakuwa na makato ya Bodi, nikajiona mjanja. Nilipoondoka nikaomba nisainiwe kazi nilizofanya, nikaambiwa hapakuwa na mlezi rasmi. Miezi 14 ya kusimamia kumwaga zege usiku ikawa haihesabiki popote, na enzi hizo tozo ilikuwa inapanda nilipolala. Hadi leo ikinijia inaniuma. Kazi ya 600,000 yenye mlezi anayesaini naipendelea kuliko ya 900,000 isiyo na mtu.

Wanaojiajiri kwa kuchora ramani za nyumba mtaani nao wasijisahau. Mwenye mkopo aliyejiajiri anatakiwa kupeleka walau 100,000 kwa mwezi, na hapo hakuna mhasibu wa kukukatia. Mwezi una ramani tatu, mwezi unaofuata hauna hata moja. Weka kando siku malipo yanapoingia.

Jingine ni ile 15% inavyokatwa kwenye mshahara wa msingi. Ukipewa milioni moja ambayo laki tatu ni posho ya nyumba na usafiri, Bodi inachukua 105,000, si 150,000. Unapata nafuu leo, deni linakaa zaidi. Soma mkataba ujue umeandikwa vipi.

Kabla hatujainuka nilimwambia binti aingie kwenye akaunti yake ya Bodi kwa simu, alinganishe na slipu. Slipu mbili zilikuwa na makato. Kwenye akaunti ulionekana mwezi mmoja. Alikwenda kwa mhasibu mchana uleule, akiwa na slipu zote mbili na daftari lake la mafunzo kwapani, maana mlezi wake alikuwa ofisini siku hiyo.