Paa la Chekechea Linavuja: Mzazi Aanzie Wapi?

Katika vikao vyetu vya elimu ya uraia hapa Lamu, wazazi huuliza kuhusu shule kuliko wanavyouliza kuhusu uchaguzi. Lalamiko huwa moja: paa la chekechea linavuja, mwalimu mkuu ameambiwa tena na tena, na hakuna kilichofanyika.

Mara nyingi mwalimu mkuu hana uwezo huo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na shule za msingi na sekondari zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo ndani ya ua mmoja mna serikali mbili. Watoto wa chekechea wanaokaa mkekani ni wa kaunti, na ndugu zao walio darasa la pili upande wa pili wa uwanja ni wa Nairobi. Paa la wale wadogo liulizwe kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi na katika idara ya elimu ya kaunti. Zahanati pia ni ya kaunti. Nimeona kina mama wenye hoja nzito wakichoka na kukata tamaa kwa sababu tu walibisha mlango usiohusika.

Kwa shule ya msingi, mlango ni chama cha wazazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya kila mzazi mwenye mtoto shuleni kuwa mwanachama. Madarasa huchagua wawakilishi wao, na mwenyekiti pamoja na wenzake wawili huingia katika bodi ya usimamizi, panapoamuliwa matumizi ya fedha za shule. Uchaguzi huu hufanywa haraka mwisho wa kikao, watu wamesimama wanataka kurudi majumbani. Naomba wazazi waupe uzito. Mchagueni mtu atakayeuliza hesabu na kurudi kuwaeleza alichojibiwa. Sheria hiyohiyo inasema hakuna mchango wa kukusanywa bila risiti rasmi, na mtoto wa shule ya umma hafukuzwi darasani kwa sababu mzazi hakuweza kulipa. Mwakilishi asiyejua mambo haya mawili hawezi kumtetea mtoto wa mwenzake.

"Mimi ni mama tu, nitasema nini mbele ya maafisa?" Hilo nalisikia sana, na huniuma. Mama huyo ndiye anayejua mvua ilinyesha siku gani, watoto wangapi walirudishwa nyumbani na mkeka ulikaa mbichi kwa muda gani. Afisa hayajui hayo. Yaandike kwenye daftari, tarehe kwa tarehe, kisha muandike barua mkiwa wazazi kadhaa: "Tunaomba kujua ni kiasi gani kilitengwa kwa ukarabati wa chekechea yetu mwaka huu wa fedha, kiasi gani kimetumika, na nani aliyepewa kazi." Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali ombi la Kiswahili, na asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa husika kuliweka katika maandishi. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa au wakinyamaza, mnaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Kuna jambo la visiwani ambalo waandaaji wa vikao husahau. Mtu wa Faza au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, anayekuja Mokowe, bara kwenye ofisi za kaunti, kutoa maoni hupitia Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na Mkanda haupitiki vizuri maji yakiwa yamekupwa. Kikao kikipangwa bila kutazama maji, wazazi wa Pate wanakuta kimekwisha, au wanalazimika kulala ugenini na watoto wamebaki nyumbani. Dai la kubadilisha saa au kuleta kikao Faza ni dai halali. Mnamo Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Kwasasi. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda kushitaki walikuwa wakaazi wa hapahapa. Ikiwa mradi mkubwa kiasi hicho ulisimama kwa sababu hiyo, tangazo la kikao lililobandikwa jana yake lina haki ya kupingwa.

Jingine ni wakati. Wazazi wengi huja na ombi la darasa mwezi wa Juni, bajeti ikiwa karibu kupitishwa. Kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, mkakati wa fedha ifikapo 28 Februari na makadirio ifikapo 30 Aprili. Ombi la paa lifike Agosti, mpango ukiwa bado unaandikwa. Mkishindwa kufika kikaoni kwa sababu ya bahari au kazi, pelekeni maoni yenu kwa maandishi, mkayakabidhi kwa msimamizi wa wadi na nakala kwa karani wa bunge la kaunti. Jibu likija, lisomwe kwa sauti katika mkutano wa wazazi wote, hata kama ni la kukataa, ili wote wajue barua inayofuata itauliza nini.