Je, wajua kwa nini mashine ya silinda hukata nyasi kwa umeme kidogo, lakini hushindwa na kokwa la embe?

Mvua zikishika mwezi wa Novemba, ukoka wa Lubumbashi hukua usiku na mchana. Katika nyumba nyingi zenye kabustani ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba, fyekeo huanza kuonekana halitoshi, na watu huanza kuulizana wanunue mashine gani ya umeme. Wengi huishia kwa ile yenye kisu kimoja kinachozunguka kwa ulalo chini ya kifuniko, kwa kuwa ndiyo wanayoiona kwa majirani. Lakini ipo nyingine, fupi na nyembamba, yenye silinda ya visu kwa mbele. Ukisoma kibandiko chake utakuta wati 400 hivi, wakati mwenzake wa kisu kimoja anataka wati 1,000 hadi 1,800. Halafu ile ndogo ndiyo inayoacha nyasi zilizonyooka zaidi. Inawezekanaje?

Tazama kwanza ile ya kisu kimoja. Kisu chake hakina mwenzake wa kushindana naye. Kinapiga jani lililosimama huru, na jani laini likipigwa polepole huinama tu na kuinuka tena. Ili likatike kabla halijainama, ncha ya kisu lazima iende kasi mno, mita 70 au 80 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Sehemu kubwa ya umeme huishia hapo, katika kukimbiza chuma na kusukuma hewa.

Silinda inafanya kazi ya mkasi. Visu vyake, mara nyingi vitano au sita, vimezungushwa kwenye mhimili, na chini yake kuna bapa la chuma lisilosogea, lenye makali upande mmoja. Silinda inapozunguka, kila kisu huvuta majani na kuyapeleka kwenye lile bapa, na hapo jani hubanwa katikati ya makali mawili. Halina nafasi ya kuinama, kwa hiyo hakuna haja ya kasi kubwa.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawaligundui hata wakiwa na mashine mkononi: visu vya silinda havikunyooka, vimepinda kufuata mzunguko. Vingekuwa vimenyooka, kisu kizima kingegonga bapa lote kwa mpigo mmoja, upana wote wa sentimita 30, na mota ingeshtuka kila mara. Kwa kuwa vimepinda, mkato huanza upande mmoja na kutembea hadi mwingine. Wakati wowote ule, ni sehemu ndogo tu ya makali inayokata. Mzigo wa mota unabaki mdogo na haupandi na kushuka ovyo. Kwangu mimi huu ndio ubunifu mzuri kuliko wote katika mashine hii.

Wazo hilo halikuanzia bustanini. Edwin Beard Budding, fundi wa karibu na Stroud, Uingereza, alifahamu mashine za viwanda vya nguo za sufu ambazo zilipunguza manyoya juu ya kitambaa kwa silinda ya visu. Akaona kinachosawazisha kitambaa kinaweza kusawazisha nyasi, na mwaka 1830 akapata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Umeme ulikuja baadaye sana, ila umbo la silinda na bapa halijabadilika. Hata viwanja vya tenisi vya Wimbledon, ambako nyasi huachwa na urefu wa milimita 8, hukatwa kwa mashine za silinda.

Mkato huo safi una faida kwa mmea wenyewe. Kisu butu kinachopiga huchana ncha ya jani ikabaki na nyuzinyuzi, na baada ya siku moja au mbili bustani nzima huonekana imepauka kwa juu. Jeraha pana hupoteza maji mengi na kurahisishia ukungu kuingia. Jani lililokatwa kwa makali mawili lina jeraha dogo, nalo hupona upesi.

Udhaifu wa mashine umetoka mahali palepale penye ubora wake. Makali mawili yanayopishana kwa nafasi isiyozidi unene wa karatasi hayana pa kuweka kitu kigumu. Kijiwe kikiingia, ama silinda inakwama, ama kisu kinapata pengo, na kuanzia siku hiyo kila mkato utaacha mstari wa majani marefu mahali pale pale. Hapa Lubumbashi maadui wanajulikana: kokwa la embe lililotupwa na watoto, ganda la jakaranda ambalo ni bapa na gumu kama ubao, na vidonge vya udongo mwekundu ambavyo mchwa huvipandisha usiku. Pita kwanza na reki, kila mara. Goma nisingemshauri mtu kuinunua kabisa, kwa sababu mawe ya lava za volkano ya Nyiragongo yamejaa udongoni na hujitokeza kila ukimwagilia.

Majani marefu nayo ni tatizo. Silinda ikikutana na jani refu kuliko nusu ya kipenyo chake, hulilaza mbele badala ya kulivuta ndani. Silinda ya sentimita 12 ina uwezo wa majani ya sentimita 6, basi. Na mmea usipunguzwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Ukitaka ukoka wa sentimita 3, ukate kabla haujapita nne na nusu, na mwezi wa Januari hiyo ni kazi ya kila siku chache. Ukisafiri ukarudi ukakuta majani ya magotini, anza na fyekeo, subiri, ndipo ulete mashine.

Mwendo wako pia unahesabika. Mashine ya kusukuma kwa mkono tu huzungushwa na magurudumu yake, hivyo ukienda haraka nayo huzunguka haraka. Ya umeme huzunguka kwa kasi yake wewe ukienda utakavyo. Chukua silinda ya visu sita inayozunguka mara 10 kwa sekunde: ni mikato 60. Ukitembea mita moja kwa sekunde, kila mkato unabeba karibu sentimita 1.7, na bustani inaweza kubaki na mawimbi. Punguza mwendo hadi nusu, mawimbi yatapungua.

Kuhusu umeme wenyewe, wati 400 kwa volti 220 ni chini ya ampea 2, na wati 1,500 ni karibu 7. Joto ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa ampea, kwa hiyo kwa waya uleule mashine kubwa huzalisha joto zaidi ya mara kumi. Hata hivyo ukunjue waya wote, usiuache kwenye gurudumu lake. Volti zikishuka jioni hadi 160, mota ya induksheni, ile isiyo na brashi za kaboni, hubaki na karibu nusu ya nguvu yake ya kuzungusha. Afadhali uache, maana mota inayong'ang'ania huungua. Anza kukata karibu na soketi ukielekea mbali, waya ukiwa nyuma yako. Nyasi zikiwa na maji, usiwashe. Na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30, ni gharama ndogo mno kulinganisha na maisha ya mtu.

Makali hupimwa kwa karatasi ya gazeti. Chomoa waya, vaa glavu nene, weka karatasi juu ya bapa na uzungushe silinda polepole kwa mkono. Karatasi ikatike sawasawa kutoka mwisho hadi mwisho. Ikikunjika upande mmoja, kaza kidogo sana skrubu ya upande huo, ile inayosogeza bapa na silinda karibu. Ikikunjika kila mahali hata baada ya kukaza, makali yamekwisha: paka ile pasta yenye mchanga ambayo mafundi magari hukalishia valvu, zungusha silinda kinyume, kisha ifute yote. Ukisikia chuma kikisuguana mfululizo, umekaza mno. Legeza skrubu za pande zote mbili kwa kiasi kilekile, halafu jaribu karatasi tena.