Cheti cha utumishi ni nini?

Mtu akiacha kazi nchini Kenya, awe amejiuzulu, amefutwa au mkataba umeisha, kuna karatasi moja ambayo mwajiri hana hiari nayo. Inaitwa cheti cha utumishi, na imo katika kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007.

Ni karatasi kavu ajabu. Jina la mwajiri na anwani yake ya posta, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, kazi aliyoifanya na mahali alipoifanyia, tarehe aliyoondoka. Basi. Hakitakiwi kueleza kwamba alikuwa mchapakazi, wala kwamba alichelewa kila Jumatatu. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kuandika chochote kuhusu tabia au utendaji wa mtu. Akipenda kukusifu, hiyo ni barua nyingine na ni hisani yake. Cheti si hisani.

Ukavu huo una uzito wake ukikumbuka kipande. Enzi za ukoloni, kuanzia mwaka 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kutembea na hati yenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi zake, ikiwa ndani ya kikasha cha chuma alichokining'iniza shingoni. Akitaka kuondoka kwa bwana mmoja, sharti bwana huyo atie sahihi ya kumwachilia. Bila sahihi, kazi kwingine hapati, na akitoroka anasakwa kwa hati hiyohiyo. Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga ukoloni, na wenzake walikipigia kelele kipande hicho mapema miaka ya 1920. Neno lenyewe halijafa: hadi leo wapo wanaokiita kitambulisho kipande.

Siku hizi anayedaiwa sahihi ni mwajiri. Kwa hiyo anayekiweka cheti rehani amekosea. “Rudisha yunifomu kwanza.” “Tia sahihi hapa kwamba hunidai kitu.” Masharti hayo hayamo katika kifungu cha 51. Ni kweli mali ya kampuni lazima irudishwe, na deni la haki lina njia zake za kudaiwa, ila tarehe ulizofanya kazi hazibadiliki eti kwa sababu funguo za stoo bado ziko mfukoni mwako. Hata aliyefutwa kwa wizi anastahili cheti chake, jambo linalowachoma waajiri wengi. Asiyestahili ni yule tu ambaye hakufikisha wiki nne mfululizo kazini.

Yaya, mlinzi wa lango na mtunza bustani wamo pia. Hao ndio huondoka mikono mitupu mara nyingi, kwa kuwa tajiri wao hajioni kama mwajiri, na hana karani wa kumkumbusha. Lakini maelezo yanayotakiwa hata nusu ukurasa hayajazi.

Mwajiri anayekataa kwa makusudi au kwa uzembe, au anayeandika jambo analojua ni la uongo, ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Usikichanganye na barua ya kufutwa kazi, ambayo husema kwa nini mmeachana. Mwajiri mpya akitaka kujua kama kweli ulikuwa fundi umeme Nakuru kwa miaka mitatu, cheti kinamtosha, na huna haja ya kumwonyesha ile barua yenye ugomvi. Tanzania nayo ina cheti kama hiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, pamoja na malipo ya mwisho.

Kama uliondoka bila cheti, kiombe kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukinyamaziwa, ipeleke nakala hiyo kwa afisa wa leba. Na tajiri akikwambia faili lako lilishatupwa, muulize liliondoka lini: sheria inamtaka aweke maelezo ya ajira yako kwa miaka mitano baada ya wewe kuondoka.